Tangi Juu ya Injini ya Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kitambaa, akaniamuru nifute vumbi la pamba kwenye injini mpaka aseme basi. Alikuwa Mhindi, sote tukimwita Mistri. Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilikuwa hapa Malindi, kabla ya vita vya Wajerumani.

Injini ilikuwa ya mafuta ya taa. Kuiwasha, sharti kichwa chake kipashwe kwa ndimi za moto hadi kiwe chekundu, na moto na pamba havikai nyumba moja. Baadaye Bwana Meneja akaagiza tuigeuze iwe ya petroli, yenye magneto ya kutoa cheche, na kabureta, yaani chombo cha kuchanganya petroli na hewa. Likabaki swali: petroli ifikeje kwenye kabureta? Ama tangi liwekwe juu, petroli iteremke kwa uzito wake. Ama liwekwe nje, chini, pampu iivute.

“Pampu ina valvu za kuruhusu na kuzuia mafuta,” alisema Meneja. “Zikiharibika, tutangoja meli ya Bombay. Wekeni juu.”

Mistri alikubali. Hata mimi niliona ndiyo sawa.

Asubuhi ya majaribio injini iliitika mara moja. Wanawake wa kuchagua pamba walikuwa wameketi karibu, wakiongozwa na Mama Kadzo, Mgiriama wa upande wa Gongoni. Mtetemo ukalegeza ungio la mrija utokao kwenye tangi. Nilinusa kabla ya kuona: petroli ilichuruzika kutoka juu, ikianguka shibiri moja tu kando ya bomba la moshi, nalo linaunguza.

“Athmani, funga koki!” Mistri aliniamuru.

Nilipanda ngazi. Koki ilikuwa chini ya pale palipofunguka; kuifunga kusingezuia kitu.

“Haisaidii, Mistri!”

“Shika sabuni!” Akanirushia kipande. Petroli haiyeyushi sabuni. Nikaikandika kwenye ungio, nikaishikilia kwa viganja viwili, petroli ikinitiririka hadi kwapani. Mistri akaisimamisha injini. Nyuma yangu nilimsikia Mama Kadzo, wala hakupaza sauti: “Inukeni. Acheni vikapu. Tokeni.” Nami nilikuwa nikipiga shahada kimoyomoyo.

Mistri aliiteka petroli ya tangini kwa kopo, akaitoa nje kwa madebe, mpaka tangi likakauka. Ndipo nikauachilia mrija, nikateremka.

“Tangi liende nje, Bwana,” Mistri alimwambia Meneja. “Pampu ivute.”

“Na pampu ikifa?”

“Injini itasimama. Hilo lina dawa.”

Meneja aliutazama ule unyevu sakafuni, akaitikia kwa kichwa.

Pampu ile ilitutesa, nisiseme uongo. Valvu zilikwama, kazi ikalala, Meneja akafoka. Lakini siku ile ya kwanza tulipoifunga mahali pake, wanawake walisimama mlangoni, hakuna aliyeingia.

“Mwanangu,” Mama Kadzo aliniuliza, “mafuta yako wapi?”

Nikampeleka nje, nikamwonyesha tangi. Akaufuata mrija kwa macho hadi ukutani, akarudi, akaketi mahali pake. Wenzake wakamfuata.

Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Shella, hapa hapa Malindi. Vijana wa gereji huja kuniuliza mtindo upi wa kupeleka mafuta unaipa injini nguvu zaidi. Huwajibu nikishajua nani atakaa kando ya injini hiyo.