Kiti cha Nyuma cha Ndege ya Kitambaa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Fundi Mkuu wa shirika letu la kunyunyizia mashamba ya pamba dawa kwa ndege, mzee mfupi mwenye sauti ya kuamuru, alinipeleka hadi kwenye bawa akaniambia, "Bonyeza kwa kidole gumba."

"Nitalitoboa, mzee."

"Likitoboka, umemwokoa rubani. Bonyeza!"

Nilibonyeza, halikutoboka. Nyinyi vijana mmezoea ndege za bati, kwa hiyo acheni niwaeleze. Ndege za zamani zilikuwa za mbao na kitambaa cha pamba. Kitambaa kilishonwa kwa mkono kwenye mbavu za bawa, kisha kikapakwa dopu, yaani dawa ya kukikaza mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Jua na unyevu vilikiozesha polepole, na kidole ndicho kilichogundua mapema.

Nilianzia Shinyanga, nikahamishiwa Mwanza, nikatia mizizi. Meneja wa Kituo alikuwa mtu wa suti na salamu fupi, ila alisimamia desturi moja ambayo sikuikuta kwingine. Ndege ikitoka matengenezo, fundi aliyeitengeneza hukaa kiti cha nyuma katika safari ya kwanza. Fundi asipokaa, ndege hairuki. "Kazi usiyoiamini kwa roho yako, usiijaribu kwa roho ya mwenzio," alikuwa akituambia. Nilikaa kiti kile mara nyingi, na kila mara nilizihesabu upya kichwani nati zote nilizozikaza.

Likaja soko huria. Shirika likapunguza watu, mwishowe likajipunguza lenyewe. Ndege za bati zikauzwa. Ile moja ya kitambaa, ya viti viwili, iliyotumika zamani kufundishia marubani, haikupata mnunuzi. Ikabaki bandani, korongo wakipita mlangoni kama wenye mali.

Hapo ndipo tulipounda kikundi cha kuitunza. Mwenyekiti alikuwa Kapteni Magesa, rubani mstaafu, Mkerewe mcheshi na mbishi. Bi Zuhura, fundi cherehani wa mtaa wa Makoroboi, alishona mabawa. Mimi nikawa fundi mkuu, cheo nilichokipata baada ya kukosa kazi, na mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kila Jumamosi tulipaka, tulikaza, tulisafisha kichujio cha hewa, maana vile vijidudu vya ziwani vikiinuka kama moshi huingia hadi kwenye injini. Tulipopita juu ya Usagara, watu walitoka nje kutupungia mikono. Nilikuwa na furaha kuliko nilipokuwa nalipwa mshahara.

Kitambaa chetu kilifumwa na kiwanda cha hapa mjini, kwa pamba ya wakulima wa huku huku kwetu. Kila jora lilikatwa kipande, kikavutwa kwa mashine mpaka kikatike, ili tujue nguvu yake. Mabawa yalipohitaji kuvikwa upya, kiwanda kilikuwa kinafungwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, nani angenunua vitenge vyake? Kapteni akahangaika, akapata jora la mwisho kabisa. Lakini ile mashine ya kuvutia ilikuwa imeshang'olewa. Hakuna aliyejua kitambaa kile kina nguvu gani.

Tuliyavisha mabawa kitambaa hicho hata hivyo, tukitumaini kupata pa kukipimia. Kilipendeza kama nguo ya harusi. Pa kukipimia hatukupata.

Asubuhi moja Kapteni akaja bandani amevaa koti lake la ngozi.

"Mwangaluka, Masanja," alisema, akinitania kwa Kisukuma kama kawaida yake. "Leo tunaenda Ukerewe."

"Shikamoo, Kapteni. Na kitambaa je?"

"Marahaba. Si kipya kile? Weka kidole chako uone."

"Kidole kinajua kitambaa kilichozeeka. Kipya chochote hakitoboki kwa kidole, hata shuka."

Akaegemea bawa. Utani ulikuwa umemtoka. "Cheti changu cha afya cha urubani kinakwisha wiki hii, na daktari amesema hanipi kingine. Mama yangu amezeeka, Masanja. Maisha yangu yote nimeruka, yeye hajaniona angani hata siku moja. Nimempelekea salamu. Leo amekaa uani, anatazama juu."

Maneno yale yalinichoma. Lakini kutoka Mwanza kwenda Ukerewe ni maji matupu, na bawa likipasuka hakuna shamba la kutua.

"Kapteni, mimi sikai."

"Ajali haina kinga, mdogo wangu."

"Husema hivyo asiyekagua. Kiti cha nyuma sikai."

Angeweza kwenda peke yake. Mafuta yalikuwemo, na nisingethubutu kumkamata mkono mtu mzima kama yule. Bi Zuhura alisimama mlangoni, ncha ya khanga mdomoni. Kapteni aliyatazama mabawa yale meupe, kisha akavua koti polepole.

"Desturi ni desturi," alisema. "Lakini umeninyima."

Kesho yake alikwenda Ukerewe kwa meli. Alimkuta mama bado ametandika mkeka uani. Bibi yule hakuumaliza mwaka. Kapteni hakuwahi kunitolea neno baya, na hilo lilinitesa kuliko kama angenitukana. Miaka michache baadaye tukamzika na yeye pia, na kikundi kikafa bila mkutano wowote wa kukifunga.

Siku hizi nimestaafu kweli, naishi Butimba. Banda lilipotakiwa kwa kazi nyingine, wanunuzi wa vyuma chakavu waliitwa, nami nikaenda kuiaga ndege. Kitambaa kilikuwa kimekaa miaka chini ya paa lililotoboka, mvua yake, jua lake. Nikabonyeza bawa kwa kidole gumba. Halikutoboka. Nikajaribu bawa la pili, kwenye ncha, mahali uozo hupenda kuanzia. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Halikutoboka.

Kwa yale niliyoyajua asubuhi ile, ningekataa tena, na nyinyi mnaoshika spana leo nawaomba mkatae vilevile. Bora lawama kuliko fedheha. Ila wakuu wangu wote walionifundisha kazi, hakuna aliyenionya kwamba unaweza kufanya lililo sahihi na bado ukamnyima mama kumwona mwanawe.

Wale wanunuzi wakaniuliza, "Mzee, tuanze kukata?"

Nikawaambia wasubiri kidogo. Nikapanda, nikakaa kiti cha nyuma, nikafunga mkanda.