Chemchemi ya Mama Chini ya Tuta

Sufuria lenye masizi halikuruhusiwa kugusa maji ya mama. Ndoo, sawa. Kata, sawa. Dumu nalo sawa, ukilisuuza kwanza. Lakini ukija na sufuria lililotoka mekoni, jeusi tititi, ungesikia sauti yake kabla hujainama, na mama yangu akikasirika husikika mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Niliwahi kujaribu nikiwa mtoto, kwa uvivu tu wa kurudi nyumbani kufuata ndoo. Nilirudi na sufuria tupu na sikio linalowaka moto.

Chemchemi yenyewe ilikuwa chini ya bwawa letu la umwagiliaji, upande wa kule Mlali, pale ambapo tuta linakutana na ardhi ya kawaida. Bwawa ni la zamani, la udongo mtupu. Baba na wenzake walilijenga wakiwa vijana, ili mvua zikiisha nyanya na mpunga viendelee kunywa. Nikiwa shule ya msingi, pale chini pakaanza kulowa. Kwanza nyasi zilibaki kijani wakati kwingine kote zimekauka, kisha pakatokea kijishimo, na ndani yake maji yakawa yanatoka yenyewe, baridi na maangavu.

Kuielewa furaha ya mama inabidi ujue alikotoka. Alizaliwa juu mlimani, kwa watu ambao chemchemi kwao ni ya kuheshimiwa kama mkwe. Hupigi kelele mbele yake, hulimi karibu yake, hukati mti unaoitia kivuli, na huisemi vibaya, maana ikisikia inahama. Kisha akaolewa huku bondeni, ambako maji ni ya mfereji na ya zamu, na watu hugombana mpaka majembe yanainuliwa. Miaka nenda rudi alilalamika kwamba maji ya mfereji yana ladha ya miguu ya watu. Siku alipokiona kile kijishimo alichota kwa viganja, akanywa, akalia.

"Yamenifuata," alisema.

Pembeni akapanda mkuyu, kama wanavyofanya kwao. Akapanda na magimbi, yakastawi majani yake mapana hata kiangazi. Wanawake wa jirani walicheka taratibu zake, lakini walipoona maji hayakauki wakazishika zote, na shoga yake mkubwa, ambaye nyumba yake iko chini zaidi, ukingoni mwa mpunga, akawa askari wa pili wa sufuria. Hakuna aliyewaza kwenda kuiambia kamati ya wakulima kwamba chini ya tuta panatoka maji. Nani analalamikia neema? Baba alipofariki, mama alikuwa akishinda pale kutwa nzima, na mimi, ambaye nilikuwa nimeshahamia mjini kufundisha, nilishukuru kwamba ana mahali pa kukaa.

Mwaka mmoja, miaka ya karibuni tu, masika yalianza kwa fujo. Kamati ikamwomba mhandisi mmoja kijana atoke mjini aje alitazame bwawa. Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimetoka mjini, Kilakala ninakofundisha, kuja kumwona mama. Kijana alipomaliza kutembea juu ya tuta alipita kwetu kusalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu unywe maji."

Akanywa kikombe, akaongezewa. "Matamu haya, mama. Mnayatoa wapi?"

Mama angeweza kuruka kwa fahari. Alimwongoza mwenyewe mpaka kwenye magimbi, akiinua majani ili mgeni asilowe. Mhandisi alipoona kijishimo, akasimama ghafla. Akautazama mkuyu, akalitazama tuta, kisha akaupapasa mkuyu pole pole kama daktari anayepapasa uvimbe. Nilimchukia kwa ule mpapaso.

"Mama, samahani," alisema. "Hii siyo chemchemi. Haya maji yanatoka humo bwawani, yanapenya ndani ya tuta."

"Ya bwawani yana tope. Haya ni safi. Si umeyanywa?"

"Ni safi kwa sababu udongo unayachuja. Yakiwa hivi tunao muda, tutatengeneza kiangazi. Ila yakianza kutoka na tope, mama, hapo yanakuwa yanalibeba tuta lenyewe, kidogo kidogo, kutoka ndani. Na mizizi ya mti huu inayapasulia njia." Akageuka kutazama nyumba zilizoko chini. "Yameshawahi kuchafuka?"

"Ni safi," alisema mama.

Mhandisi akaagiza mlango wa bwawa ufunguliwe kidogo ili lisijae mno, na maji ya pale yakaguliwe kila siku kwa chombo kisafi. Yakionyesha tope, mlango ufunguliwe wote, na watu wa chini waondoke papo hapo. Aliaga kwa adabu zote. Mama hakumsindikiza, na mama husindikiza hata watu asiowapenda.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kuchota. Nikamwona anajaza ndoo, anaiweka chini, anasubiri. Baada ya muda akaanza kumimina maji ya juu kwenye ndoo ya pili, taratibu, kama anayechuja tui. Nikasogea. Ndani ya ile ndoo ya kwanza, chini kabisa, kulibaki tope laini, la kutoonekana mpaka litulie, jekundu, rangi ya tuta.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua zianze."

"Na jana ulipoulizwa?"

"Nilisema ni safi. Aliyokunywa si yalikuwa safi?"

"Mama!"

"Hayasemwi, mwanangu. Ukiyasema yanaondoka."

Nami nina hasira zangu, nimezirithi hapo hapo. Nilipiga kelele mbele ya chemchemi. Nilimwambia kwamba anafuga shimo, kwamba amelipandia mti na kulilinda na masizi huku linakula tuta, kwamba bwawa likija litaanza na nyumba ya shoga yake. Nilikuwa nimeshatoa simu nimpigie mhandisi. Nikangoja nikaripiwe kwa zile kelele. Hakunikaripia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikuwa ametazama chini, kwenye ua wa shoga yake, ambako wajukuu walikuwa wanafukuzana na kuku.

"Weka simu," alisema. "Nitasema mwenyewe. Ni yangu."

Alijifunga khanga, akateremka. Shoga yake alikuwa anafagia. Mama hakutoa hata salamu, yeye ambaye husalimia mpaka waliolala.

"Watoe watoto. Maji yangu yamechafuka."

Yule mama aliachia fagio, akajishika mdomo. Nadhani bwawa halikuwa limemfikia bado akilini. "Umeyasema?" akauliza.

"Nimeyasema. Toa watoto."

Basi mambo yakaenda mbio. Mwenyekiti wa kamati aliitwa, kipaza sauti cha msikiti kikatangaza, na watu wa chini wakapanda kwenda shuleni na magodoro vichwani na mbuzi mikononi. Mlango wa bwawa ukafunguliwa wote. Mhandisi alirudi siku ile ile, akawaongoza vijana kumwaga mchanga, kisha changarawe, kisha mawe juu ya magimbi ya mama, ili maji yapate njia lakini udongo ubaki. Mvua iliendelea kunyesha juu mlimani na sisi tuliendelea kulitazama tuta. Lilisimama. Hakuna aliyepoteza hata kuku.

Kadiri bwawa lilivyopungua, ndivyo maji ya mama yalivyonyong'onyea. Kila nilipoweza kurudi nilimkuta amekaa pale juu ya jiwe. Yalipokatika kabisa, aliweka kiganja kati ya yale mawe, akakiacha hapo.

"Kumbe hayakunifuata," alisema.

Nilikaa naye tu. Nilimhurumia kuliko nilivyomhurumia siku tulipomzika baba, maana siku ile alikuwa na watu wengi wa kulia naye.

Kiangazi mkuyu ulikatwa na kung'olewa na mizizi yake. Ndani ya tuta walikuta njia ambayo mkono uliingia mpaka begani. Walichimba yote, wakajaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia, na chini wakatandika mchanga na changarawe na kutoa bomba dogo. Mhandisi alisema tuta la udongo halikosi kuvuja kidogo. Cha muhimu maji yatoke mahali tunapopaona, na tuyakague. Mama alisikiliza, akaitikia, na hakukanyaga tena pale kiangazi chote.

Vuli bwawa likaanza kujaa, na bomba likaanza kutoa maji, membamba kama uzi. Jioni moja shoga yake akaja kumvuta mkono. Tulishuka wote watatu, mama akiwa nyuma kabisa. Shoga alikuwa amekuja na sufuria la mekoni, jeusi pande zote. Alipofika kwenye bomba ndipo alipolikumbuka, akasimama, akamgeukia mama.

"Chota tu, shoga," alisema mama. "Ni ya bwawa hayo."

Shoga yake hakuchota. Alichuchumaa, akazoa konzi ya mchanga, akaanza kulisugua lile sufuria, nje na ndani, mpaka jasho likamtoka na sufuria likang'aa kama la harusini. Kisha akalikinga chini ya bomba. Lilipojaa waliinama juu yake, vichwa vikigusana, wakatazama chini kabisa.

"Yakoje?" akauliza mama.

"Sema mwenyewe."

Mama alitazama muda mrefu, mpaka miguu ikaanza kuniuma.

"Safi!" akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga.