Nilimnunia Mungu, nikazinunia na dawa za presha

Sasa wakuu. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Hata chumvi yenyewe nimekatazwa.

Mimi ni fundi wa viatu huku town, naishi Uthiru. Nina presha ya miaka mingi.

Mke wangu Nafula ndiye aliyekuwa daktari wa nyumbani. Asubuhi anaombea chai, akisema "Amina" ananiwekea kidonge mkononi. Kazi yangu ilikuwa kufungua mdomo tu.

Mwaka jana Nafula akafariki. Hapo sitaeleza sana.

Baada ya mazishi nilimnunia Mungu. Sikutukana, nilinyamaza tu. Chai nikawa nakunywa bila maombi, na kwa vile hakukuwa na Amina, kidonge nacho kikabaki kwenye pakiti.

Clinic nilikuwa naenda vizuri sana. Nachukua dawa, naziweka kabatini. Ungefungua hilo kabati ungedhani napanga kuanza chemist.

Kichwa kikaanza kuuma. Siku moja nikampigia mteja soli mbili za mguu wa kushoto, na bado nikamlaumu aliyeniuzia soli.

Nikarudi clinic. Sista akanipima. Akapima tena. Akaenda kuazima mashine ya chumba cha pili.

"Mzee, dawa unameza?"

"Nachukua kila mwezi, sista."

"Sijauliza kuchukua."

Nikamwambia ukweli: tangu mke wangu aende, sisemi na Mungu. Akilini mwangu nilikuwa namkomoa.

Hakucheka. "Pole, mzee. Lakini katika huo ugomvi wenu, mwenye presha ni wewe peke yako. Ukianguka na stroke, nani atakulisha?"

Nikarudi nyumbani, nikafungua lile kabati.

Kesho yake nikakaa na chai na kidonge. Hakikupita, nikakitema. Mwishowe nikasema "Amina" tupu, kama mtu aliyefika kanisani watu wakitoka. Kikashuka.

Nimeendelea hivyo. Presha imeteremka, ingawa sista bado ananiangalia kama polisi. Juzi niliongeza neno moja mbele ya Amina: Nafula. Mengine na Mungu bado hatujaongea.

Nilichojifunza: ukifiwa, mnunie unayetaka, lakini dawa meza. Imani ikirudi ikukute hai.

Nyinyi wenye presha mliofiwa, asubuhi zenu mnazianzaje? Niambieni. Na wale wa "tupa dawa, omba tu", nawaheshimu, ila kabati langu mliache.