Kitambaa cha Kijani cha Sanduku la Paskalina

Ngozi ya ng'ombe ikichemshwa kutwa nzima iwe gundi ya mbao hutoa harufu ambayo sijui niwaelezeje. Si ya nyama, wala si ya kuoza. Iko hapo katikati, na inang'ang'ania kwenye nywele na matandiko. Juzi nilipita nyuma ya karakana moja hapa Karatu mjini, nikainusa, nikasimama pale pale. Wapita njia walinishangaa. Wangejua kwamba nilikuwa bingwa wa gundi hiyo tangu niko darasa la tatu, wangenipisha kwa heshima.

Baba yangu alikuwa seremala kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Wageni walikuwa na meza ya biliadi, ule mchezo wa kusukuma vimpira kwa fimbo, na kitambaa chake kilipochakaa Baba akapewa kile cha zamani. Alikuja nacho begani: sufu nene ya kijani, imeshikamana hivi kwamba ukiikata haichomoki hata uzi. Mama, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Ayo, akatamka kuwa nusu ni ya koti langu, na baridi ya Karatu ya mwezi wa saba si ya mchezo. Nusu nyingine ikawa ya sanduku la dada yangu, Paskalina.

Paskalina alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali huko Tabora, msichana wa kwanza kitongojini kwetu. Baba alikwisha kuwatangazia watu wote. Mpaka wafugaji waliokuja mnadani kutoka Olbalbal walikuwa na habari. Lakini ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, maduka matupu, sanduku la bati hulipati hata kwa dawa. Na shule ilitaka kila mwanafunzi afike na sanduku lenye kufuli. Basi Baba akaranda mbao za saipresi, akaunda moja. Hata baada ya msasa zilibaki na vibanzi ambavyo vingechana sare, ndiyo maana tukaamua kubandika kitambaa ndani kote.

Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, na sijisifu, nilistahili. Paskalina alijaribu kwanza, akapaka gundi kwenye kitambaa chenyewe. Ikapenya hadi upande wa pili, na ilipokauka pakawa pagumu kama ukoko. Mimi nilimsikiliza Baba. Gundi inapakwa kwenye ubao, nyembamba, ingali ya moto. Unangoja mpaka inate kidoleni, ndipo unalaza kitambaa na kukikandamiza kwa kipande cha mbao kutoka katikati kwenda pembeni. Usikivute. Ukikivuta, kikikauka kitajikunyata na kukuachia pembe tupu. Vidole vyangu vilifika kwenye kona ambako vya Baba havikupenya, na nilipomaliza nilijilaza humo ndani, miguu nje, nikagoma kutoka. Sanduku likawekwa jikoni likauke.

Sasa, kwetu karibu na msitu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba kitu chochote cha ngozi kinaingia ndani kabla ya giza. Fisi wamekula viatu vya watu, mijeledi, hata kigoda kilichowambwa. Kwa hiyo asubuhi Ayo alipopiga yowe sote tulijua ni nini. Sanduku lilikuwa katikati ya mahindi, kifuniko kimeng'oka, kitambaa kimetafunwa, gundi yote imelambwa.

Nililia kwa hasira. Kazi yangu ile! Ayo akauliza ni nani aliyelitoa nje. Nikaapa si mimi. Paskalina alikuwa anakoroga uji, wala hakugeuka. Basi la Jumatatu lilikuwa limekaribia, na Ayo akaanza kusema labda hii ni ishara, mtoto angoje mwaka mwingine.

Baba hakuuliza kitu. Alizunguka sanduku, akagonga mbao zake moja moja, akapigilia kifuniko upya. Kisha akaingia chumbani, akatoka na nusu ile nyingine. Koti langu, jamani! Mkasi ulipoanza kukata nilijitupa chini. Nilijifariji kwamba angalau kubandika ni kwangu, nikanyoosha mkono. Baba akanipita na brashi yake, akampa Paskalina.

"Shika. Leo unabandika mwenyewe."

Nilidhani mzee amerogwa. Kumpa brashi yule wa ukoko? Paskalina alipaka huku machozi yakidondoka humo ndani, nami nikamwonya kwamba maji yanaharibu gundi. Baba aliketi kando yake mpaka jioni, akimwonyesha kwa kidole tu pale palipoinuka, kisha wakalibeba wawili hadi chini ya kitanda cha Baba. Jumatatu basi likaondoka naye.

Kwa miaka mingi niliamini nimedhulumiwa, na nilimsimulia kila aliyetaka kunisikiliza. Paskalina akamaliza shule, akawa muuguzi, akasomesha nusu ya watoto wa ukoo, wangu wakiwamo. Baba alikuwa ameshatutoka tulipokaa siku moja uani tukichambua maharage, nikamtania dada yangu kuhusu koti nililokosa. Alicheka. Halafu mikono yake ikatulia kwenye ungo, akaniambia kwamba sanduku alilitoa yeye. Aliliweka mlangoni makusudi, akijua nani atakuja. Tabora aliiogopa kuliko fisi.

Mimi niliyejua kila kitu cha gundi, siku ile nzima sikuelewa Baba anafanya nini. Nikamuuliza kama mzee alijua.

"Alijua kabla Ayo hajanyamaza," akasema. "Ila hakuniuliza. Angeniuliza, ningemwambia siendi. Na unamjua baba yetu, angeniacha nibaki."