Mnara wa Pisa Ulipofika Babati

Nimebahatika kuyaona kwa macho baadhi ya majengo ambayo watu hudunduliza miaka mingi ili wakapige picha mbele yake. Semina moja ilinifikisha Paris, nyingine Cairo, na safari moja, kwa sababu ya treni niliyoikosa, nikajikuta nina siku nzima ya kupoteza Pisa. Ukiniuliza kama yanafaa kutembelewa, nitakujibu kwamba yanafaa, yote, ila usiende na marehemu baba yangu. Mimi huenda naye kila mahali. Baba alikuwa fundi mwashi Babati, hakuwahi kuvuka Arusha, na maoni yake kuhusu majengo mashuhuri ya dunia aliyatoa mchana mmoja, akiwa amekaa uani kwetu Maisaka, katika ile miaka ya themanini ambayo kipande cha sabuni kilikuwa habari ya mtaa mzima.

Nilikuwa nimerudi likizo baada ya mwaka wa kwanza chuo kikuu. Siku hizo mtu akitoka Dar es Salaam hakuulizwa habari za safari, alitazamwa mikono. Sukari, sabuni, hata nusu kilo ya chumvi ingetosha kumfanya mtoto mwema. Mimi nilileta kalenda. Mhadhiri wetu mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao akigawa vitu vyake. Wenzangu wenye akili walichukua masufuria, mimi nikachukua kalenda ya shirika la ndege la Ulaya, ya mwaka uliopita, yenye picha kumi na mbili za majengo maarufu. Niliibeba siku mbili nzima kwenye basi, nimeikunja kama cheti, nikiamini naipelekea familia mwanga.

Mama aliifungua, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine.

"Ndiyo mzigo wote huu?"

"Mama, ni majengo ya dunia."

"Na tarehe zenyewe zimeshaisha."

"Si ya tarehe. Ni ya kuijua dunia."

"Dunia naijua," mama akasema. "Haina sabuni."

Baba alikuwa muungwana zaidi. Alinawa mikono, akaiweka kalenda magotini, akaanza na Januari. Januari ulikuwa mnara wa chuma wa Paris. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Hawajamaliza," akasema.

Nikamweleza kwamba ulimalizwa zamani, karibu miaka mia iliyopita.

"Mbona naona jukwaa la kupandia mafundi tu? Kuta ziko wapi?"

Februari zilikuwa piramidi. Alikubali kwamba kona zake zimepimwa vizuri, ila akasikitika kwamba jengo kubwa hivyo halina hata dirisha moja. Machi ulikuwa ule uwanja wa kale wa Roma, uliobomoka upande. Akatikisa kichwa na kusema wazi kwamba hapo kuna mtu alikula vifaa. Aprili ilikuwa ile nyumba ya muziki ya Sydney, yenye mapaa kama maganda. Akauliza upepo huo ulipita lini na kama kuna watu waliumia. Mei tu ndiyo iliyomnyamazisha. Ilikuwa Taj Mahal.

"Saruji mifuko mingapi hapa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna saruji, baba. Ni mawe meupe, yamechongwa. Mfalme alimjengea mke wake aliyefariki."

Mama alikuwa anapuliza moto jikoni. Akatoa kichwa mlangoni.

"Na mimi ambaye bado niko hai," akasema, "hili jiko linavuja tangu Pasaka."

Nililitazama jiko, baba hakulitazama. Akafunua Juni. Alipokaribia Agosti nikakumbuka Agosti kuna nini, nikaichukua kalenda kutoka magotini mwake na kusema mikono yake bado ina majimaji. Hakubisha. Alinishangaa tu, kwa kuwa alikuwa amejifuta.

Sababu ya kuificha Agosti ni kwamba saa moja kabla mama alikuwa ameninong'oneza habari za mnara. Kanisa letu dogo upande wa Singe lilikuwa halina mahali pa kutundika kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori inayogongwa kwa chuma, lakini wazee wa kanisa waliona hata rimu inastahili heshima, wakampa baba kazi ya kujenga mnara wa tofali za kuchoma, wa kimo cha watu wanne. Baba aliujenga kwa miezi minne. Sasa umekaribia kumalizika, na umeinama kuelekea mlima Kwaraa.

"Jumapili wanamkalia kikao," mama alisema. "Wakiamua ubomolewe, kazi anapewa yule fundi wa Moshi. Na fundi aliyebomolewa kanisa, nani atampa kazi tena? Hata banda la kuku hatapewa."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema haujainama. Anasema kila kozi, kila safu ya tofali, ameipima. Usimguse hapo, jana hakula."

Agosti, kama umeshakisia, ulikuwa mnara wa Pisa. Nikaunyofoa ukurasa ule taratibu, nikauweka ndani ya daftari langu, na siku tatu zilizofuata niliandaa utetezi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimesoma mwaka mmoja wa historia, na sikuwahi kuona tatizo ambalo hotuba isingelimaliza.

Jumapili kikao kilikaa nje baada ya ibada, kwenye mabenchi yaliyotolewa kanisani, chini ya mnara wenyewe. Saa nane mchana, jua kali na upepo wa kila siku wa kutoka Kwaraa ukipeperusha khanga. Mwenyekiti wa wazee, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyezoea kuuza na kununua kwa sauti ile ile, alifungua.

"Fundi, hatuna ubaya na wewe. Ila mnara wako unasujudu."

"Unasujudu jikoni kwangu," akasema bibi mmoja ambaye jiko lake la nyasi lilikuwa hatua chache kutoka hapo, upande wa Kwaraa. "Huu ni mwezi wa pili napikia mlangoni. Uji unaingia vumbi."

"Nimepima kila kozi kwa timazi," baba akajibu. "Macho yenu yamezoea miti."

Hapo nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba, msomi," wakaitikia, na neno msomi walilitamka kwa namna ambayo leo ningeielewa.

Nilizungumza karibu robo saa. Nakumbuka nilisema "kihistoria" mara nyingi, na "muktadha" angalau mara moja. Kisha nikatoa ukurasa.

"Huu ni mnara wa kengele wa kanisa, kama wetu. Uko Italia. Umeinama kuliko huu, na watu wanatoka dunia nzima kuja kuutazama."

Ukurasa ukapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti aliuinamisha mpaka mnara ukanyooka na Italia ikapinda.

"Wanakuja kuutazama au kuusaidia?" akauliza.

"Chini yake kuna jiko la nani?" akauliza bibi.

"Hakuna jiko, bibi. Ulianza kuinama wakati wa kujengwa, udongo ulikuwa laini. Walijenga kwa zaidi ya miaka mia, wakisimama na kuanza tena."

"Miaka mia!" Mwenyekiti akamgeukia baba kwa macho mapya. "Na sisi tunakusema kwa miezi minne."

Mambo yakaanza kunyooka. Mwinjilisti, kijana mpole, akauliza kama wageni wa mnara wa Italia hutoa sadaka. Nikasema nadhani hutoa. Mzee mmoja akasema basi liendalo Singida linapita hapo karibu, haitakuwa shida kwa wageni. Niliona kabisa kwamba tumeshinda. Kilichobaki ni mtu kupendekeza mnara uachwe na tufunge kwa sala. Ndipo baba akanyoosha mkono.

"Lete hapa hiyo karatasi."

Aliitazama Pisa kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa.

"Huyu aliona," akasema.

"Nani, fundi?"

"Aliyejenga. Tazameni hapa juu. Hizi ghorofa za juu amejaribu kuzirudisha, zimepinda kurudi nyuma. Kwa hiyo alijua mnara unakwenda. Alijua, akaendelea kupandisha, akafikiri atauficha kwa juu." Akanirudishia ukurasa kwa vidole viwili. "Huyu si fundi. Fundi akiona kosa anashuka, anabomoa, anaanza chini. Na wewe unanikalisha naye benchi moja mbele za watu?"

Miaka yangu yote ya masomo iliyofuata sijapata kushindwa mjadala vizuri kama siku ile.

"Wangu mimi haujakosewa," baba akaendelea, sasa amesimama. "Mtaona wenyewe."

Akapanda jukwaa na uzi wake. Hapa lazima niseme kuhusu timazi. Timazi ya fundi ni kitu kizito cha chuma au shaba kinachofungwa kwenye uzi. Ukikiachia kinaning'inia wima, na ukuta unaufuata uzi. Timazi ya baba, ya shaba, ilikuwa imedumbukia kwenye shimo la choo alichokuwa akijenga Nakwa, na hakuna aliyejitolea kuifuata. Madukani hakukuwa na nyingine. Kwa hiyo alikuwa amefunga betri ya redio iliyokwisha nguvu. Redio zote za Babati zilikuwa kimya wakati huo. Betri zilizokufa ndiyo bidhaa pekee tuliyokuwa nayo kwa wingi.

Akiwa juu aliishusha betri upande wa Kwaraa. Uzi ukalala juu ya tofali kutoka kileleni hadi msingini, umenyooka, umegusa kila kozi. Benchi zima likainuka kutazama. Macho yalisema mnara umeinama, uzi ukasema umesimama.

"Basi Babati nzima ndiyo imepinda," bibi akasema.

"Mmeona?" baba akaita kutoka juu.

Tulikuwa tumeona. Mwenyekiti alikuwa tayari anavua kofia kuomba radhi. Na hapo upepo ukatulia, ule utulivu mfupi wa katikati ya mchana ambao kuku nao huusikia. Betri ikaondoka ukutani. Ikaelea taratibu kuelekea jiko la bibi, ikayumba mara mbili, ikasimama, imeachana na msingi kwa upana wa kiganja. Upepo ukarudi, na betri ikarudi kujibandika ukutani kama kawaida yake.

Baba alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao, ametoa kichwa nje, anatazama chini. Alisubiri upepo utulie tena. Ulipotulia na betri ikaondoka tena, alisema neno moja kwa Kiiraqw ambalo sitalitafsiri kwa sababu mwinjilisti alikuwapo.

Aliposhuka hakumtazama mtu.

"Ni upepo," akasema. "Betri ni nyepesi. Asubuhi nakuwa kwenye foleni ya saruji, nikifika hapa ni saa saba, upepo umeshaanza. Kila siku umenisukumia uzi, nami nikaufuata. Miezi minne."

Nikapata matumaini. Wazee walikuwa wamelainika, na mwenyekiti alisema, kwa upole ambao sikujua anao, kwamba kosa la upepo si kosa la mtu, na kwamba kwa mujibu wa msomi mnara unaweza kukaa hivyo miaka mingi. Baba angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha.

"Naubomoa," akasema baba.

"Fundi, fikiri. Ukibomolewa, tulishakubaliana kazi inakwenda kwa yule wa Moshi."

"Najua mlivyokubaliana. Nimesema mbele yenu fundi afanye nini. Nitabomoa mpaka msingini, tofali hazitavunjika. Mkimpa wa Moshi, atazikuta zimepangwa."

Mama, aliyekuwa benchi la nyuma, alifumba macho. Mwenyekiti akawatazama wenzake, wenzake wakatazama ardhi. Aliyesema alikuwa bibi.

"Huyo wa Moshi anaujua upepo wa hapa?"

"Atajifunza, bibi," mwenyekiti akajibu.

"Atajifunzia juu ya jiko langu? Mpeni huyuhuyu. Yeye ameshakosea tayari."

Wakacheka, na kicheko kilipoisha ilionekana wamekubali. Sharti likawa moja, baba ajenge asubuhi tu, kabla upepo haujaamka.

"Na foleni ya saruji?" mwinjilisti akauliza. "Asubuhi nani atasimama?"

Mabenchi yote yakanigeukia.

Nilimalizia likizo yangu ya chuo kikuu kwenye foleni, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na kibali cha kununulia saruji mfukoni na kusimama nyuma ya watu walioniuliza kila siku kama huko Italia nako hupanga mstari. Siku nyingi saruji haikuja. Ilipokuja, nilibeba mfuko mmoja begani mpaka Singe, nikawa mweupe kama watu wa kwenye kalenda.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi Dar nilifika mapema na mfuko. Baba alikuwa ameujenga upya mpaka ameshavuka usawa wa kichwa chake. Kwenye uzi alikuwa amefunga kichwa cha jembe. Hakukuwa na upepo bado, na moshi wa bibi ulikuwa unapanda kutoka ndani ya jiko, si mlangoni tena. Nilitua mfuko, nikataka kusema jambo zuri kuhusu kazi yake, kitu chenye uzito, kisha nikaona heri nipumzike kwanza, nikasogea ukutani.

"Weka hapo," baba akasema bila kugeuka. "Na usiegemee. Bado mbichi."