Ijumaa Usiku

Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, mwaka wa kuhamia vijiji vya Ujamaa, tulipoteza nyumba yetu kando ya njia ya zamani ya misafara, ukitoka Tabora kuelekea Lusu. Baba tulikuwa tumeshampoteza. Ninayakumbuka haya kwa sababu juzi mtoto wa kaka yangu alinionyesha simu yake. Ameweka humo programu ya kugeuza tarehe za kalenda za zamani, na nyingine inayoiga mashine ya hesabu ya kizamani. Ukiuzungusha mkono wake kwa kidole, inalia krrr, halafu kengele.

"Shangazi, babu alifariki lini? Tuitafute kwa tarehe za Kizungu."

Nikamtajia tarehe, mwezi na mwaka, na kwamba ilikuwa Ijumaa usiku. Programu ikauliza: kabla ya machweo au baada?

Ile mashine ya kweli, ya utotoni mwangu, haikuuliza.

Ilikuwa ya jirani yetu mwenye duka, Mwarabu wa Tabora ambaye jamaa zake walikuwa wafanyabiashara mtaani Kanyenye. Ilikuwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, na ilikaa mezani kati ya chumvi na mafuta ya taa. Ukiingia dukani na kusema shikamoo, aliitikia marahaba bila kuacha kuzungusha. Sauti ya mashine tuliisikia hadi uani kwetu, tukianika michembe ya viazi juu ya mawe. Mpaka leo nikinusa viazi vinavyokauka naisikia.

Mama alikuwa kwenye eda. Wewe msomaji huenda hukuiona eda ya zamani: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya marehemu, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka. Mama alitusikia tukicheka nje naye akacheka kidogo kutoka ndani. Chakula nilimpelekea mimi.

Ndipo balozi wa nyumba kumi akaja kutuambia kwamba lori la kutuhamisha litafika Jumatatu mchana. Mama aliuliza jambo moja tu: eda yake itakwisha lini? Hakutaka kuivunja. Alisema hakubakiwa na jingine la kumfanyia baba ila hilo.

Jirani akabeba mashine yake hadi barazani kwetu, akauliza siku ya kifo. Bibi, mama yake baba, akamjibu, "Ijumaa usiku." Jirani akazungusha, akasoma, akatikisa kichwa.

"Jumanne magharibi, mama. Lori litawahi."

Bibi aliendelea kumenya karanga, kisha akaacha kumenya.

"Umeanza kuhesabu wapi, wewe?"

"Ijumaa, jua lilipozama."

"Nani kakwambia hivyo? Nimesema Ijumaa usiku. Usiku ule uliotuletea Ijumaa. Asubuhi yake si ndiyo wanaume walitoka kuswali Ijumaa, wakaja kuzika?"

"Basi huo ni Alhamisi usiku, mama."

"Huo kwenu dukani. Anayehesabu kwa mwezi anaanza siku kwa magharibi."

"Mashine haisemi uongo."

"Haisemi. Ina meno, haina masikio. Uongo umeitia wewe."

Jirani alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu. Akazungusha upya. Jumatatu magharibi. Siku moja tu ilipungua, lakini lori lilikuwa la Jumatatu mchana, na mchana si magharibi; bado zilisalia saa chache za eda.

Leo hakuna nyumba pale. Nilipita mwaka juzi, nikaona shamba la alizeti. Watoto wetu wakisema Ijumaa usiku wanamaanisha Ijumaa ikishakwisha, na siwasahihishi. Bibi, mama na jirani wote wamekufa, na yule jirani sijui mashine yake iliishia kwa nani. Sisemi tulionewa. Kijijini kulikuwa na shule, nami nilisoma hapo mpaka darasa la saba.

Jumatatu ile lori lilifika na adhuhuri. Tukapakia vyungu, kitanda, mbuzi wawili. Balozi akasema mama apande, maana lori halingoji mtu. Bibi akamwendea dereva, kijana mwenye lafudhi ya Kisukuma, akamweleza mambo ya eda kwa sauti ya chini. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua boneti.

"Injini imechemka," akamwambia balozi. "Hii haiendi mpaka ipoe."

Balozi akaigusa injini, akamtazama dereva, akaenda kukaa kivulini.

Jua lilipozama nilimpelekea mama maji ya kuoga. Alitoka kavaa kanga mbili za rangi, akasimama mlangoni akizoea mwanga uliobaki. Dereva akafunga boneti.