Kaka Mpya wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alipomaliza kidato cha nne alikuwa na mpenzi, na jirani akamwambia mama. Nilitegemea fimbo. Mama akamwambia tu binti yake, "Mwambie aje nimwone."

Kauli hiyo ilinisumbua kutwa. Nimemaliza chuo na kazi sijapata, kwa hiyo muda wa kusumbuka ninao. Niliandaa hoja za kumtetea mdogo wangu, kisha za kumtetea mama, endapo zingehitajika. Mdogo wangu hakuwa na wasiwasi. Kwake mapenzi yalikuwa jambo la watu wawili. Alimpa kijana maelekezo mafupi: avae shati la kola, na asisahau kutaja kwamba mama yake ni mtu wa Mgeta, kwani mama yetu naye ni wa huko na huwaamini watu wa milimani kuliko sisi wa Morogoro mjini.

Kijana akaja. Shati lilikuwa na kola.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako mtu wa wapi?"

"Mgeta, mama," akajibu upesi, kama mwanafunzi aliyeletewa swali alilolisoma. Mdogo wangu akatabasamu.

"Ukoo gani?"

Akautaja. Ulikuwa wetu.

Kwetu Waluguru mtoto huchukua ukoo wa mama, na wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama jana hawakujuana. Hawaoani.

"Kumbe mwanangu!" Mama aliinuka. "Sasa mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Kaa. We, mletee kaka yako maji ya kunawa."

"Mama, huyu siyo kaka yangu. Nampenda."

"Mpende. Nani kakukataza kumpenda kaka yako?"

Nilipitia hoja zangu zote kichwani. Hakuna iliyofaa.

Kijana alipewa ugali na samaki. Katikati ya chakula alijaribu kusema kwamba nia yake kwa binti ni njema. Mama akakubali kwamba ndugu hupaswa kuwa na nia njema, akamwongezea samaki. Mdogo wangu akakimbilia chumbani kulia. Mama akamfuata hadi mlangoni, bila hasira yoyote.

"Mpenzi akikuchoka anaondoka. Huyu hata akikuchoka, msibani kwako atakuja."

"Kwani nimekufa, mama?"

"Hujafa. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Kisha akamwita atoke, amsindikize kaka yake hadi barabarani. Wawili hao walikuwa wamezoea kupita vichochoroni, kila mmoja akiangalia nyuma. Sasa walipewa njia kuu, mchana, majirani wote wakiwa vibarazani, kwa ruhusa ya mama.

Niliwatazama kupitia dirisha. Mdogo wangu alishika upande mmoja wa barabara, kijana upande wa pili, na katikati yao zikawa zinapita bodaboda.